Maji ya Sabaki si Maji ya Lamu

Sisi wa Malindi tumezoea kuihukumu bahari kwa samaki: nguru na jodari wakipatikana, bahari ni njema; wakiadimika, tunazilaumu meli za kigeni. Nadhani hesabu hiyo tunaianzia mwisho. Kabla ya samaki wapo viumbe vya seli moja, visivyoonekana kwa macho, ambavyo hufanya karibu nusu ya usanisinuru wote wa dunia, na havikutawanyika baharini ovyo.

Mwaka 1934 mwanasayansi wa Uholanzi, Baas Becking, aliandika kwamba kila kitu kipo kila mahali, lakini mazingira huchagua. Nusu ya kwanza ya kauli hiyo bado inabishaniwa. Nusu ya pili inatuhusu moja kwa moja. Katika maji ya joto yenye virutubisho haba hutawala bakteria kama Prochlorococcus, iliyoelezwa kisayansi mwaka 1988. Upana wake haufiki maikromita moja, yaani sehemu ya elfu ya milimita, na udogo huo ndio unaoiwezesha kunyonya chakula kichache kilichopo. Mililita moja ya maji yaweza kuwa nazo laki moja. Diatomu, mwani wa seli moja wenye ganda la silika, hupenda maji yaliyoshiba nitrati, fosfati na silika.

Hapa kwetu pepo na mito ndio wachaguzi. Wakati wa kusi, mkondo wa pwani hupanda kaskazini na maji yake ya joto, na tope la mto Sabaki huelekea upande wa Ngomeni. Kaskazi ikivuma, tope hilo hugeuka na kuingia ghuba ya Malindi hadi kwenye matumbawe ya hifadhi yetu, ilhali mkondo wa Somalia hushuka kusini, hukutana na ule wa kwetu na kuelekea bahari kuu, na katika miamba ya kaskazini mwa Kenya maji baridi yenye rutuba hupanda kutoka chini. Si ajabu, basi, kwamba chombo kikitoka Malindi kwenda Lamu hupita katika jamii kadhaa za viumbe hivi bila nahodha kuziona.

Wala si vyote vyenye heri. Mapema mwaka 2002 samaki wengi walikufa pande za Kiunga, na lawama ikaangukia mlipuko wa mwani wenye sumu.

Wako wanaosema setilaiti zinatosha kuvichunguza viumbe hivi. Setilaiti husoma rangi ya maji. Haituambii ni aina gani iliyo majini, na mbele ya mlango wa Sabaki tope huichanganya, ikadhani udongo ni klorofili, rangi ya kijani ya viumbe hivi. Ndoo, wavu wenye matundu ya maikromita 20, chupa na matone ya iodini ya kuhifadhi sampuli, yanayoyageuza maji kuwa rangi ya chai: hivyo vingetosha kwa vikundi vya usimamizi wa fukwe, BMU, kukusanya sampuli, na hadubini ikakaa kwa wataalamu. Wavuvi wenyewe wanajua bamvua na maji mafu kuliko mtafiti yeyote anayekuja kwa wiki moja. Fedha za uchumi wa buluu zianzie hapo, kabla ya boti za kisasa, na sampuli zichukuliwe pale pale kwa kusi na kaskazi, pamoja na miezi ya maleleji kati ya pepo hizo mbili, wakati jamii moja inapoipisha nyingine.