Kadi ya sauti ya bei ya chini: ugomvi uko kwenye sauti, tofauti iko kwingine

Kwa sisi tunaorekodi nyumbani kuna swali lisiloisha: nichukue kadi ya sauti ya bei ya chini kabisa nianze kazi leo, au nijibane miezi michache nipande ngazi moja? Kambi moja inasema rahisi ni ghali, utanunua mara mbili. Nyingine inasema sikio halisomi bei, chukua ya chini na hela inayobaki uiweke kwenye maiki na kwenye chumba. Nimewahi kukaa kambi zote mbili, tena kwa ubishi. Siku hizi naona zote zinagombania kitu ambacho ndicho chenye tofauti ndogo kuliko vyote, yaani ubora wa sauti yenyewe.

Tuwape kwanza nafasi watu wa bei ya chini, maana kwenye sauti namba ziko upande wao. Kadi inaikuza sauti hafifu ya maiki, inaigeuza kuwa namba za kompyuta, kisha inazirudisha namba hizo kuwa sauti ya hedifoni. Kazi hii ya kugeuza ndiyo zamani ilikuwa ghali. Leo chipu inayoifanya vizuri ni kitu cha kawaida. Biti 24 (si biti ya mdundo, hii ni ya hesabu) kwa karatasi inabeba desibeli 144 kutoka sauti ndogo hadi kubwa, na kadi nzuri zinaishia 110 hadi 120 hivi. Sasa angalia unachorekodi. Mwimbaji aliyesogelea maiki anafika desibeli 90 na ushee, na chumba tulivu cha kulala kina 30 hivi. Nafasi unayoitumia kweli ni kama 60. Hata biti 16 zenye desibeli 96 zingeimeza, na ndiyo maana kadi kama Behringer UMC22, ambayo inaishia biti 16 na kHz 48 (yaani sampuli, au vipimo vya sauti, elfu 48 kwa sekunde), haijamzuia mtu kutoa wimbo. Mimi bado ningetafuta biti 24, kwa sababu moja tu: inakuruhusu kurekodi kwa kiwango cha chini kwa raha, bila hofu ya sauti kupasuka mwimbaji anapopandisha ghafla.

Kelele za saketi nazo zina mpaka wake. Ukinzani wa omu 150, ambao ni wa kawaida kwa maiki, kwenye joto la chumba hutoa kelele yake wenyewe ya dBu −131 hivi (dBu ni desibeli za umeme wa sauti, namba ikizidi kushuka chini ya sifuri kelele ni ndogo zaidi), hata kama hakuna anayeimba. Kadi nyingi za ngazi ya chini kutoka kwa watengenezaji wanaojulikana hutangaza karibu −128. Zimebakiza desibeli tatu kufika ukutani, na kadi ya bei mara kumi haiutoboi ukuta huo. Ile kHz 192 iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi, iache. kHz 44.1 inashika hadi kHz 22, na sikio la binadamu linaishia 20. Utakachopata zaidi ni mafaili makubwa: dakika moja ya maiki moja kwa biti 24 ni MB 8.6 ukitumia kHz 48, na ni MB 34.6 ukitumia 192.

Mpaka hapo wamenishawishi. Kilichonitoa kambini ni rafiki yangu mmoja anayechana, aliyekuja na maiki ya kuazima, Shure SM7B. Kadi yangu wakati huo ilikuwa ndogo, jina lake niliache. Nikachomeka, nikafungua geini, ile nobu ya kukuza sauti ya maiki, nusu, taa ya kijani haikuwaka hata kidogo. Robo tatu, ikawaka kidogo alipopaza sauti. Nikamalizia mzunguko wote, na pale mwishoni kabisa, kwenye kipande kidogo cha nobu ambacho hakipiti hata upana wa kucha, sauti ikaruka na ile shhh ikaja nayo. Tukasikiliza ubeti: yeye yupo, shhh ipo, na kati ya mistari shhh inabaki peke yake kama mvua kwenye bati.

Kadi haikuwa mbovu. SM7B inatoa milivolti 1.12 tu kwa kipimo kinachotumika kulinganisha maiki (sauti ya paskali moja). Maiki ya kondensa, aina inayohitaji umeme kutoka kwenye kadi, kama Rode NT1-A, kwa kipimo hichohicho, inatoa 25. Ni zaidi ya mara ishirini. Dainamiki (aina isiyohitaji umeme huo, kama SM7B) iliyo hafifu namna hiyo inadai geini ya desibeli 60 na kuendelea, na hapo ndipo kadi za bei ya chini zinapoishiwa pumzi. Tena si suala la chapa. Ndani ya ukoo mmoja tu, kizazi cha nne cha Focusrite Scarlett, Solo inaishia desibeli 57 na 2i2 inafika 69. Kwa mwenye kondensa, hizo 12 hazina maana. Kwa mwenye SM7B, ndizo zinazotenganisha kurekodi na kubahatisha. Unaweza kununua kikuzaji kidogo cha kuweka katikati, lakini jumlisha bei yake na ya kadi uone kama bado uko kwenye bei ya chini. Watu wa rahisi ni ghali walikuwa sahihi, ila kwa sababu ambayo wao hawaitaji.

Sababu yao ya pili ni draiva, yaani programu inayoiunganisha kadi na kompyuta, na hii inastahili ubishi wote unaopigiwa sauti. Bafa, yaani fungu la sauti ambalo kompyuta hulikusanya kabla ya kulichakata, ikiwa ya sampuli 256 kwa kHz 48 inakula milisekunde 5.3 kuingia na 5.3 kutoka, na ukiongeza muda wa chipu na draiva yenyewe unafika 12 kirahisi. Sauti hewani hukimbia mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo 12 ni kama kusimama mita nne kutoka kwenye spika yako. Inavumilika. Draiva dhaifu inayokulazimisha upandishe bafa hadi sampuli 1024 ili sauti isikatikekatike inakusogeza karibu mita 15, na huko hakuna anayepiga gitaa kwa wakati. Ila mwimbaji mtupu hana shida hii: swichi ya kujisikia moja kwa moja, ambayo kadi nyingi za bei ya chini zinayo, inampelekea sauti yake kwenye hedifoni kabla haijaingia kwenye kompyuta. Anayeumia ni mpiga gitaa anayetegemea programu impe sauti ya ampu, maana lazima sauti iende na irudi.

Kwa hiyo ninapoangalia kadi, kabla ya vipimo vya maabara naangalia ukurasa wa draiva wa mtengenezaji: ya mwisho ilitoka lini? Niliwahi kuwa na kadi nzima kabisa, haina mkwaruzo, ikafa siku niliposasisha kompyuta kwa sababu mtengenezaji alishaacha kuihudumia. Zile zinazofuata kiwango cha kawaida cha USB zina kinga kidogo. Windows, tangu 2017, inazitambua hata za toleo la pili la kiwango hicho bila draiva ya nje, na Mac ilitangulia. Kutambuliwa huko hakukupi ASIO, aina ya draiva ambayo programu nyingi za kurekodia kwenye Windows huitegemea kwa kasi, lakini angalau sauti inatoka.

Programu za bure zinazokuja na boksi sizipi uzito, utaishia kwenye uliyoizoea. Matundu ndiyo ya kuhesabu vizuri, kwa sababu kadi ya tundu moja la maiki haitaota la pili siku utakapotaka kurekodi sauti na gitaa kwa pamoja, na kuunganisha kadi mbili za USB kwenye kompyuta moja ni kujitafutia usiku mrefu.

Mimi ningeanzia kwenye maiki uliyonayo. Una kondensa na unaimba peke yako? Chukua ya chini, ya biti 24, yenye volti 48 (umeme wa kuiendesha kondensa) na draiva ya mtengenezaji mwenyewe, wala usione haya. Una dainamiki hafifu, au gitaa lako linaishi ndani ya programu, au mko wawili? Subiri upande ngazi, hata kama anayekushauri anaapa kwamba zote zinasikika sawa. Zinasikika sawa kweli, tatizo si hilo.

Yule rafiki hakununua kadi. SM7B aliirudisha kwa mwenyewe, akaleta kondensa yake ya zamani iliyokwaruzika, tukatundika mablanketi mawili nyuma yake, tukarudia ubeti uleule kwenye kadi ileile. Geini haikufika nusu.