Crapper hakubuni choo cha kuflashi

Kuna makala inayosema Thomas Crapper, fundi bomba Mwingereza, ndiye aliyebuni choo cha kuflashi. Hapana. Crapper alizaliwa 1836. Mwingereza mwingine, Sir John Harington, alishaeleza choo chenye tenki na vali mwaka 1596, miaka 240 kabla yake. Ila cha Harington hakikuwa na kizuizi cha harufu, harufu ya shimoni ilipanda kwa njia ileile. Dawa yake ilitoka kwa fundi saa Mskoti, Alexander Cumming, aliyepata hataza (haki ya kisheria ya uvumbuzi) 1775: alilipinda bomba mfano wa herufi S ili maji kidogo yabaki kwenye kona na kuiziba gesi. Kilichosumbua ni vali yake ya kuteleza, ilikuwa ikinasa. Mwaka 1778 mvumbuzi Mwingereza, Joseph Bramah, akaweka kifuniko cha bawaba badala yake. Crapper alikuwa fundi bomba na mfanyabiashara hodari, mwenye hataza za kuboresha vifaa, basi. Na kona hiyo ya Cumming ndiyo inayotesa watu hadi leo: choo kikikaa wiki kadhaa bila kutumika, maji ya konani hukauka na harufu inaingia, mkimwaga manukato ni kazi bure, mimina lita 2 za maji tu. Harufu ikirudi muda mfupi baada ya kuflashi, tena sinki la bafuni linalia “glo glo”, basi huenda bomba la hewa, lile linaloingiza hewa kwenye mabomba ya maji taka, limeziba au halipo kabisa, na maji yananyonywa konani. Mafundi wa kwenu hulipandisha bomba hilo la hewa hadi juu ya paa, au huliishilizia darini?