Kiinitete Kinachokumbuka Joto

Viinitete vya miti ya jamii ya msonobari vinavyokuzwa maabara, kutokana na seli zinazojizalisha bila uchavushaji mpya, vina wakosoaji wake, na lalamiko lao kubwa ni moja: tunavitesa. Tunavinyang'anya homoni ghafla, tunavikausha, kisha tunashangaa miche ikitoka dhaifu. Wana hoja, na nitaifikia. Ila naona wanaitazama dhiki kama ugonjwa tu. Kiinitete cha msonobari hakijawahi kukua bila dhiki, hata kikiwa ndani ya koni, juu ya mti, bila mtafiti yeyote karibu.

Mbinu hii ya maabara ilifanikiwa kwa msprusi wa Norwei, mti wa jamii hiyo ya msonobari, mwaka 1985, na hatua zake zinajulikana. Kinachosahaulika ni sura ya kitu chenyewe. Ukifunua sahani unakuta bonge jeupe lenye utelezi. Chukua kipande chake, kitazame kwa hadubini: kuna vichwa vya seli ndogo zilizosongamana, na nyuma ya kila kichwa seli ndefu, angavu, mfano wa mkia. Oksini na sitokinini zikiwapo, bonge hilo huongezeka tu na haliendi popote. Viinitete halisi huanza siku homoni hizo zinapoondolewa, na kuondolewa huko huambatana na wimbi la vifo vya seli. Asiyejua atadhani bonge limeoza.

Halijaoza. Seli za mkia ni lazima zife, tena kwa utaratibu. Mwaka 2004 watafiti nchini Uswidi walinyamazisha jeni ya metakaspesi moja ya msprusi, kimeng'enya kinachohusika na kifo hicho. Kama kifo cha seli kingekuwa hasara tu, viinitete vingenufaika. Havikunufaika, mkia haukuumbika na ukuaji ukavurugika. Baadaye ikaonekana kwamba kimeng'enya kisipokuwapo seli haziokoki, zinakufa vibaya zaidi: badala ya kujimeng'enya taratibu kutoka ndani, zinavunjika ovyo.

Ukaushaji nao ni hivyo hivyo. Ili viinitete vikomae, hupewa asidi ya absisiki, homoni ileile inayoupa mmea habari za ukame, pamoja na polietilini glikoli, ambayo molekuli zake ni kubwa mno kupenya ukuta wa seli, kwa hiyo hukaa nje na kuyavuta maji. Kiinitete huitikia kwa kuwasha jeni za protini za akiba, na zile za kinga ambazo huilinda seli inapopoteza maji. Haya yote hutokea pia katika mbegu ya kawaida inapokomaa. Anayeita hali hiyo mateso inambidi aieleze mbegu yenyewe, ambayo hujikausha kwa hiari.

Sasa upande wa pili. Mwaka 1998 ilichapishwa kazi juu ya msprusi huohuo iliyoonyesha kwamba polietilini glikoli huongeza idadi ya viinitete vinavyokomaa, lakini huzuia ukuaji wake baada ya hapo. Hapo wakosoaji wanashinda, na vizuri wakubaliwe: kiinitete kizuri machoni kinaweza kukosa mzizi wa maana. Wana hoja nyingine pia. Jenomu ya msprusi, yaani maandishi yote ya urithi wake, iliyochapishwa mwaka 2013, ina takriban herufi bilioni 20, na kila anayelinganisha kundi lililopewa dhiki na lisilopewa hurudi na orodha ndefu ya jeni zilizopanda na zilizoshuka. Orodha hiyo haisemi ipi inaongoza na ipi inafuata mkumbo. Jaribio la metakaspesi lina uzito kwa sababu jeni ilinyamazishwa na matokeo yakaonekana. Kazi za namna hiyo ni chache, orodha ni nyingi.

Hata hivyo, jambo linalonirudisha kila mara upande wa dhiki ni joto.

Wanorwei walikuwa wamegundua kwamba mbegu za msprusi zilizokomaa msimu wa joto hutoa miche inayochelewa kufunga machipukizi, yaani kusimamisha ukuaji, kabla ya baridi, ikilinganishwa na ndugu zake waliokomaa kwenye ubaridi. Pingamizi lilikuwa wazi: huenda joto liliua viinitete vya aina fulani na kubakiza vingine, yaani ni uteuzi wa kawaida. Viinitete vya maabara vikalifunga pingamizi hilo. Katika kazi iliyochapishwa mwaka 2008, kloni zilezile, yaani nakala za seli zenye urithi mmoja, ziligawanywa na kukuzwa katika nyuzi 18, 23 na 28 za Selsiasi. Jeni ni zilezile, hakuna wa kuteuliwa. Miche iliyotoka kwenye joto bado ilichelewa kufunga machipukizi.

Tofauti inayoelezwa kwa kumbukumbu hii ya joto ni sawa na kuhamisha asili ya mti kwa nyuzi 4 hadi 6 za latitudo. Nimeigeuza hesabu hii mara nyingi. Nyuzi moja ya latitudo ni kama kilomita 111, kwa hiyo tunazungumzia kilomita 440 hadi 670. Mti haujasogea hata hatua moja, herufi ya jeni haijabadilika hata moja, lakini unaishi kana kwamba wazazi wake walitoka mbali sana kusini. Kilichobadilika ni jinsi jeni zinavyowashwa na kuzimwa, na badiliko hilo liliwekwa kabla mti haujawa na jani.

Wakosoaji huitumia habari hii kuhofisha: kloni si kloni tena, maana bechi mbili za jina moja zinaweza kutofautiana shambani, na mche unaochelewa kufunga machipukizi hupigwa na jalidi ya kwanza. Ni kweli. Lakini hofu hiyo inakubali kimyakimya kwamba kiinitete kinasikia na kinashika. Basi halijoto ya maabara si jambo la kando. Hakuna sahani isiyo na joto lolote; hata aliyeacha nyuzi 23 kwa mazoea amekwishaufundisha mti kitu, ila hakukusudia. Uhispania, katika Nchi ya Basque, tayari kuna waliozipitisha tishu za msonobari wa radiata kwenye joto la hadi nyuzi 60, kwa dakika 5 tu, wakapata miche.

Kinachonisumbua zaidi ni hifadhi. Seli za kloni hugandishwa katika nitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, zikisubiri majaribio ya shambani ya miaka mingi yatoe jibu. Jibu likija, seli zinayeyushwa na kukomazwa upya, pengine na mtu mwingine, katika chumba chenye joto jingine. Miti iliyofaulu majaribio na miti itakayopandwa itakuwa na jina moja. Kama nyuzi za joto la mwanzo hazikuandikwa popote, hakuna atakayejua iwapo mafunzo yake yalikuwa yaleyale.