Serikali Yetu Iko Saiba

Ukitaka kuiona serikali hapa Mombasa, usihangaike na majengo yenye bendera. Nenda saiba, vile vibanda vya kompyuta na intaneti. Zimejaa kutoka Mwembe Tayari hadi Kongowea, na ng'ambo ya Likoni vilevile, na mlangoni pamebandikwa orodha ya mambo yote ambayo taifa hili hukufanyia au hukudai: ritani za kodi za KRA (mamlaka ya ushuru ya Kenya), cheti cha tabia njema, cheti cha kuzaliwa, leseni ya udereva, SHA (bima ya afya ya taifa), pasipoti. Nyuma ya kompyuta yuko kijana ambaye hakula kiapo wala hana cheo, halipwi hata senti na hazina ya taifa, na ndiye anayejua pasiwadi za mtaa mzima.

Simsimangi. Anayekumbuka tulivyokuwa tukitafuta pasipoti kabla ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kuanza mwaka 2014 anawakumbuka pia madalali waliokuwa wakiranda nje ya ofisi, fomu zilizokuwa "zimekwisha" na faili lililopotea mpaka kitu kidogo kikalifufua. Kulipa kwa simu kumeyapunguza mengi ya hayo. Karani hashiki pesa, na risiti inakuja papo hapo. Mwaka 2023 serikali ikatangaza kuwa huduma zaidi ya 5,000 zimeingia mtandaoni, na ikataka malipo yake yote yapitie nambari moja, 222222. Mimi sitaki turudi kule tulikotoka.

Ila dalali hakuondoka. Alibadilisha nguo tu, akanunua printa, na kusema kweli adabu yake ni bora kuliko ya yule wa zamani. Yupo kwa sababu fomu nyingi ni za Kiingereza, kwa sababu simu ya mama muuza mbaazi ni ya vibonyezo, na kwa sababu bando huisha kabla ukurasa haujafunguka. (Hilo la bando huniuma zaidi nikikumbuka kwamba intaneti yenyewe huingia nchini kupitia hapa kwetu. Waya wa TEAMS ulifika Mombasa kupitia baharini mwaka 2009, na SEACOM mwaka huohuo.)

Kwenye meza ya huyo kijana kuna daftari. Ni la shule, jalada limekunjika pembeni, na kila mstari una jina, nambari ya kitambulisho, simu, baruapepe na pasiwadi ya mtu. Baruapepe aliitunga kijana, na mteja mwenyewe hajawahi kuifungua. Kijana huandika kwa nia njema, maana anajua mteja wa leo atarudi mwakani mwezi wa Juni, siku za mwisho za ritani, akiwa hakumbuki chochote. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, ina kamishna wake na faini ya hadi shilingi milioni 5. Waliotunga sheria hiyo walifikiria makampuni yenye sava na mawakili. Sidhani walilifikiria daftari la kurasa 96 lililoachwa kando ya kikombe cha chai.

Shangazi yangu alifunguliwa akaunti ya huduma moja ya serikali kwa namba ya simu ya mwanawe, kwa kuwa siku ile simu ya mwana ndiyo iliyokuwa na chaji. Mwana akaenda zake Doha kutafuta maisha, laini ya nyumbani akaizima. Tuliporudi saiba, kijana akasema, "Mama, namba ya siri imeshatumwa, nisomee." Shangazi akaitazama simu yake. "Mwanangu, hii haijalia." Ikatumwa tena. Tulipopiga simu ya msaada tukasikilizishwa muziki, kisha sauti ya mashine ikatuambia tuingie kwenye akaunti ili tubadilishe namba ya simu. Akaunti ileile tuliyokuwa hatuwezi kuingia.

Karani wa zamani alikuwa na maudhi yake, lakini unaweza kubishana naye. Unaweza kumwomba mkubwa wake, kupandisha sauti, kumtaja mtu mnayejuana, kurudi Jumatatu akiwa ameamka vizuri. Alikuona uso. Mfumo hauna mkubwa wake, na hapo ndipo ninapoona uhusiano wetu na serikali umebadilika kuliko kwingine kote. Sasa inatuona zaidi, na sisi tumepoteza mtu wa kujibizana naye.

Chukua SHA. Tangu Oktoba 2024 mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara, hesabu ambayo kila mtu anaielewa. Asiye na mshahara huulizwa maswali kuhusu nyumba yake, paa, maji, taa, mifugo, halafu fomula ikamkadiria, kima cha chini shilingi 300 kwa mwezi, na hulipa ya mwaka mzima kwa mkupuo. Sasa mfikirie muuza viazi karai anayeishi Mji wa Kale. Yumo kwenye nyumba ya mawe ya ghorofa, mlango wa nakshi, stima na maji ndani. Nyumba ni ya babu, ni mirathi ya watu wengi ambayo haijagawanywa, na yeye ana chumba kimoja na karai lake. Ndani ya fomu ile hakuna mahali pa kuandika neno mirathi. Angekuwa ameketi mbele ya mtu wa Mombasa, asingehitaji hata kumaliza sentensi.

Huwezi kusema serikali haijui kwamba mtandao hupita pande zote mbili. Iliona Juni 2024. Vijana waliuchambua Mswada wa Fedha, uliotaka kuongeza kodi, kwa video za lugha za nyumbani, wakawaandikia wabunge kwenye simu zao moja kwa moja, na tarehe 26 Rais akatangaza kuwa hatautia saini. Julai 5 aliketi yeye mwenyewe kwenye mtandao wa X kuwajibu. Mwaka mmoja baadaye, mtaalamu mmoja wa programu, binti, alitengeneza ukurasa wa kumsaidia mwananchi kutuma pingamizi lake dhidi ya Mswada wa Fedha wa mwaka huo kwa kamati ya bunge kwa baruapepe. Alikamatwa, akalala seli, na mahakama ikayatupa mashtaka. Kutuma pesa kwa 222222 ni uzalendo, kutuma maoni kwa wingi ikawa kosa.

Ninachotaka si kikubwa. Huduma Centre iliyopo Posta, Digo Road, imeonyesha kwamba ofisi nyingi zinaweza kukaa chini ya paa moja, na mtu akahudumiwa na mtu. Basi kila mfumo uwe na dirisha la namna hiyo, na karani wake awe na uwezo wa kusahihisha, si kukuonyesha tu kwamba na yeye kompyuta imemkatalia. Saiba nazo zitambuliwe. Wakala wa M-Pesa amesajiliwa, ana nambari yake, akikosea kuna pa kumshtaki. Anayeshika pasiwadi ya ritani zangu hastahili kuwa na masharti mepesi kuliko anayenipa shilingi 500. Wafundishwe, wapewe njia ya kumsaidia mteja bila kuijua siri yake, na madaftari yale yachomwe.

Na fomu ziwe za Kiswahili. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, imekitaja kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, kwa hiyo hapa hatuombi hisani. Nilimwambia hivyo kijana wa saiba ya mtaani kwetu, nikidhani atanuna kwamba namtilia mchanga kitumbua chake. Akacheka, akasema fomu zinamlia muda bure, yeye faida yake iko kwenye fotokopi.