Kisiwa cha ndege kinaharibikia kwenye begi lako

Niseme ukweli, mara ya kwanza kwenda kwenye kijisiwa cha hifadhi ya ndege nilinuna kabla hata sijapanda boti. Tumefika asubuhi, watu kumi na kitu, kila mtu na begi lake mgongoni, tunasubiri tuitwe, mara anatokea dada mmoja wa hifadhi na meza ya plastiki, anasema fungueni mabegi toeni kila kitu. Kila kitu! Mi nikajisemea moyoni, hivi tunaenda kuangalia ndege au tunaingia gerezani? Zamu yangu ikafika, akapapasa mifuko ya pembeni, akaligeuza begi juu chini akalikung'uta, halafu akaomba viatu. Viatu nilikuwa nimevipiga brashi jana yake kwa hiyo nikampa kwa kujiamini kabisa. Akatoa sindano, sindano hizi hizi za kushonea, akaanza kuchokoa kwenye ile sehemu ya kubandika inayolia chrrr ukiibandua, ikatoka mbegu ya nyasi yenye vimiiba, ikatoka ya pili, ya tatu, akawa anazipanga kwenye kikaratasi cheupe taratibu kama sonara. Zilifika saba. Sikuwa na la kusema.

Tangu siku ile msimamo wangu ni huu na najua kuna watakaobisha: safari ya kisiwa cha ndege inafaulu au inaharibika usiku wa kuamkia safari, pale unapopanga begi. Hayo mengine, chupa ya maji ya kujaza tena, nguo zisizong'aa, kubeba taka zako kurudi nazo, ni mazuri na fanyeni, ila hayafikii uzito wa kukung'uta begi, maana humo ndimo wageni wasioalikwa, iwe mbegu au panya, wanamojificha.

Ndege wa vijisiwa wamezaliana vizazi na vizazi mahali ambapo hakuna panya wala paka, ndiyo maana wanataga ovyo ovyo (kwa macho yetu sisi), mchangani, kwenye mashimo ya ardhini, kwenye tawi tupu. Wengine ukiwasogelea wanakutazama tu. Sasa mletee huyo panya mmoja jike mwenye mimba aliyejificha ndani ya kifurushi, uone. Kisiwa cha Stephens kule New Zealand walijenga mnara wa taa ukaanza kuwaka 1894, watu wakaja na paka wakafika, na kulikuwa na kindege kidogo pale karibu hakiwezi kuruka kabisa, kikafutika muda mfupi tu baada ya wanasayansi kukitambua. Na usidhani lazima awe paka. Kisiwa cha Gough kusini mwa Atlantiki ni panya wadogo wa nyumbani tu, hawa wa kwenye kabati, walioshuka na meli za wawindaji karne ya 19, leo wanatafuna makinda ya albatrosi, wale ndege wakubwa wa bahari, yakiwa hai, kinda kubwa kuliko panya mara mia na zaidi, linakaa tu linaliwa kwa sababu halikuumbwa kujua kwamba kitu kile ni adui. Mwaka 2021 walimwaga sumu kisiwa kizima kwa helikopta, na kabla mwaka haujaisha panya akaonekana tena. Pesa zote zile, jasho lote lile! Ndiyo maana nikisikia mtu analalamika kwamba ukaguzi unachelewesha boti nanyamaza tu.

Mfano wa upande wa pili ni kisiwa cha Cousin huko Shelisheli, ambacho hakifiki hata hekta 30. Kilikuwa shamba la minazi, msitu wa asili umefyekwa, na kindege kimoja cha kahawia kisicho na mbwembwe yoyote kilikuwa kimebaki chini ya 30 duniani kote, wote pale pale. 1968 kisiwa kikanunuliwa kwa ajili ya uhifadhi, minazi ikapunguzwa, msitu ukaachwa urudi, na ndege wakaongezeka mpaka ikabidi wengine wahamishiwe visiwa jirani, kuanzia Aride mwaka 1988, leo wanahesabika kwa maelfu. Ila kilichonifurahisha mimi ni boti. Boti iliyokuleta haigusi ufukwe wa Cousin, inasimama nje kule, halafu walinzi wa kisiwa wanakuja na boti yao kukuchukua, kwa sababu boti yao wanaijua na yako hawaijui. Unaingia mchana unatoka mchana, hakuna kulala. Mtu wa starehe ataona usumbufu, mimi naona ni adabu.

Sasa ukishafika, kazi kubwa ni kutofanya kitu, na hapo ndipo wengi tunashindwa. Siku ile ya sindano tulionyeshwa buabua mweupe ameatamia yai moja juu ya tawi, hakuna kiota, hakuna hata jani moja la kuzuia, yai limekaa tu kwenye kibonde cha gome kama limesahauliwa. Mlinzi akanong'ona tukae mbali. Jamaa mmoja mwenye kamera ndefu akapiga hatua moja, moja tu, ndege akasimama. Yai likabaki juani. Tukarudi nyuma wote, na zile dakika za kusubiri ndege akae tena zilikuwa ndefu kuliko safari yote ya boti, maana jua la saa sita halihitaji muda mwingi kuliua yai, na shakwe na kaa nao hawako mbali. Jamaa mwenyewe aliishiwa nguvu, na sidhani ni mtu mbaya, alitaka picha tu.

Ni hivyo hivyo kwenye njia. Skomer, kisiwa cha Wales, ardhi imetobolewa mashimo ya ndege wanaotaga chini kwa chini, mamia ya maelfu ya jozi, ukitoka nje ya njia hatua mbili dari linaporomoka na yai au kinda liko ndani, hutajua hata kama umeua. Wenyewe wameweka kikomo cha wageni 250 kwa siku na nafasi zikijaa zimejaa. Droni ndo sitaki hata kuijadili. Na wale wanaocheza sauti za ndege kwenye simu ili ndege ajitokeze, jamani, unamdanganya kwamba mpinzani ameingia kwake, anaacha kulisha makinda anakuja kugombana na spika.

Kuna rafiki yangu huwa ananiambia basi kama ni hivyo tusiende kabisa, tuangalie video. Nimeifikiria hoja yake na kuna sehemu ana haki, kuna miezi ya kutaga na kuna nyakati kama ile 2022 mafua ya ndege yalipowamaliza ndege wa bahari na visiwa vya Farne kule Uingereza vikafungiwa wageni, wakati huo kaa nyumbani bila kinyongo. Lakini siku za kawaida ada ya mgeni ndiyo inayomlipa yule dada mwenye sindano, bila wageni vingi kati ya visiwa hivi vingebaki bila mlinzi, na kisiwa kisicho na mlinzi kila mvuvi na kila mkusanya mayai anashuka anavyotaka. Kwa hiyo nenda, ila nenda mkiwa boti moja mmejaa badala ya boti tatu nusu nusu, kaa sehemu moja saa nzima badala ya kuzunguka kisiwa mara mbili, na jioni isikukute, kwa sababu wako ndege wanaorudi mashimoni gizani tu na tochi yako inawachanganya.

Vile viatu bado ninavyo ila haviendi tena visiwani. Nimenunua vingine vya mpira, havina kamba, havina pa kubandika, vibaya kwelikweli, na niliporudi pale mara ya pili yule dada akavitazama juu, akavitazama chini, akanirudishia bila hata kutoa sindano.