Sista, umeandika?

Nilikuwa nimekaa pembeni ya kitanda cha mama, katika hospitali moja ya huku kwetu West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, sista wa asubuhi alipokuja na sindano ya jentamaisini, dawa ya kuua bakteria. Alfajiri ile ile sista wa usiku alikuwa ameshamdunga, nami nilimshika mama mkono. Nikasema, "Samahani sista, hii mama si amepata tayari?" Akafungua karatasi ya dawa. Mahali pa saa 12 asubuhi palikuwa patupu. "Mbona hapa hakuna kitu, dada?"

Angeweza kunikaripia. Wengi tunaouguza tumeshajibiwa "kwani wewe ndiye daktari?" Yeye aliirudisha sindano kwenye trei akampigia simu mwenzake. Ndiyo, alikuwa amempa. Alisahau kuandika. Jentamaisini ikizidi huweza kuharibu figo na masikio, na mama yangu ana miaka 71.

Yule wa usiku simchukii. Wodi ilikuwa imejaa hadi kwenye mikeka sakafuni, naye alikuwa peke yake. Lakini tangu siku ile nimeamini jambo moja: kalamu ni kifaa cha tiba, na hospitali isiyosimamia maandishi yake inamhatarisha mgonjwa na mhudumu wake kwa pamoja.

Angalieni tunavyoishi. Mgonjwa wa nje, yaani asiyelazwa, hapa Uganda huenda kutibiwa na daftari la shule alilonunua dukani, na historia yake yote imo humo. Likiloa mvua, au likibaki kijijini, daktari anaanza upya, hajui hata kama penisilini iliwahi kumvimbisha mtu huyu uso.

Halafu kuna suala la saa, ambalo sisi wa Kiswahili tunapaswa kulipigia kelele zaidi ya wengine. Sista aliyesomea Kiingereza anaandika 2 akimaanisha saa nane yetu. Mimi nikisoma 2, naona saa mbili. Mzee anaambiwa anywe kidonge "kila saa nane", yeye anasikia saa nane mchana, anameza kimoja kwa siku badala ya vitatu. Ukimwuliza kama ameelewa atasema ndiyo, kwa heshima tu. Mwombe akueleze mwenyewe atakavyokunywa dawa hiyo, hapo ndipo utajua. Ni dakika moja.

Wahudumu wanaogopa mahakama, na wana sababu. Huku Arua tunalikumbuka jina la Jennifer Anguko, diwani wetu, aliyefariki akijifungua katika hospitali ya rufaa Desemba 2010. Kesi dhidi ya serikali kuhusu kifo chake na cha Sylvia Nalubowa, aliyefariki naye akijifungua Mityana mwaka 2009, ilitupwa mwaka 2012 kwamba eti hayo ni mambo ya siasa. Mahakama ya Juu ikairudisha mwaka 2015, na Agosti 2020 Mahakama ya Katiba ikaamuru kila familia ilipwe shilingi milioni 155. Karibu miaka kumi kwa familia ya Anguko. Watoto walikua wakisubiri jibu.

Kwa hofu hiyo, wapo wanaodhani kuandika kidogo ndiyo kinga. Wanakosea kabisa. Mwaka 2017 Mahakama Kuu iliwapa wanandoa fidia ya shilingi milioni 85 dhidi ya Mulago, hospitali kuu ya rufaa ya Kampala, baada ya kukabidhiwa maiti ya kichanga ambayo vipimo vya vinasaba vilionyesha si mtoto wao. Kiini cha shauri lile kilikuwa taarifa: mtoto alikwenda wapi, nani alimbeba, wazazi waliambiwa nini. Mhudumu aliyeandika saa, dawa, kiasi na jina lake ana cha kumwonyesha hakimu. Asiyeandika ana maneno matupu, na wauguzi wenyewe hufundishwa kwamba kisichoandikwa hakikufanyika.

Tena haya si mambo ya Ulaya yasiyowezekana huku. Orodha ya ukaguzi wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, karatasi moja yenye vipengele 19, ilijaribiwa katika hospitali nane, mojawapo Ifakara, Tanzania. Kabla ya kisu kugusa ngozi, timu inasema kwa sauti jina la mgonjwa, upasuaji gani, upande upi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8.

Ninachowaomba wakuu wa hospitali ni kwamba kupokezana zamu kufanyike mbele ya kitanda, karatasi mkononi, na sisi ndugu tukiwepo tusikie. Na sista akikiri kosa mapema asidhalilishwe, maana ukimvua nguo mbele ya wodi leo, kesho wenzake wote watanyamaza. Familia nayo iambiwe ukweli siku hiyo hiyo. Nani hukimbilia wakili kabla ya kufungiwa mlango?

Mchana ule niliandika kwa herufi kubwa ukurasa wa kwanza wa daftari la mama: jina, mwaka wa kuzaliwa, dawa zake za presha, dawa zinazomdhuru. Sista wa asubuhi alipouona aliomba kalamu yangu. Akaongeza jentamaisini, kiasi chake, saa 12 alfajiri, na pembeni yake saa ya Kizungu, 6:00. Kisha akatia sahihi.