Fidia ya ardhi: ugomvi wa bei ni ugomvi wa tarehe

Mwenye ploti Nairobi akipinga fidia ya ardhi iliyotwaliwa na serikali, tuseme kwa ajili ya barabara, hudhani anagombania bei. Kwa kawaida anagombania tarehe. Kanuni za mwaka 2017 za kutathmini fidia zinatumia bei ya soko ya siku notisi ya nia ya kutwaa ilipochapishwa katika Gazeti Rasmi, kisha huongezwa asilimia 15 ya usumbufu. Ploti iliyokuwa na thamani ya milioni 20 siku hiyo hulipwa milioni 23, hata jirani akija kuuza yake kwa milioni 30 barabara ikishafika.

Serikali ina hoja hapo. Tetesi tu za barabara hupandisha bei, na tarehe isipofungwa, walipa kodi watanunua thamani iliyoletwa na pesa zao wenyewe. Ndiyo maana hata nyumba iliyojengwa ndani ya miaka 2 kabla ya notisi haihesabiwi, ila mwenyewe athibitishe aliijenga kwa nia njema.

Hoja ya mwenye ardhi naiona nzito zaidi. Katiba, kifungu cha 40(3), inaagiza malipo kamili na ya haraka. Marekebisho ya sheria ya 2019 yakairefusha hiyo "haraka" hadi mwaka mmoja tangu serikali ichukue ardhi. Riba ya fidia iliyocheleweshwa nayo huanza siku ya kuichukua, wala si siku ya notisi. Katikati hapo bei imegandishwa, riba haijaanza, na mnunuzi gani atagusa ploti iliyotajwa kwenye Gazeti? Tarehe ya bei ibaki siku ya notisi, ila riba nayo ianzie siku hiyohiyo.

Kwenye ushahidi, mthamini makini huleta mauzo yaliyosajiliwa kabla ya notisi, ya mtaa uleule na matumizi yaleyale, akieleza tofauti za ukubwa, njia ya kuingilia na miaka iliyobaki kwenye lisi (mkataba wa kukodishwa ardhi). Bei za mabroka ni matarajio ya muuzaji. Wengine huangushwa na karatasi zao: uliyetaja thamani ya chini ili upunguze ushuru wa stempu wa asilimia 4, thamani hiyo inaweza kutumiwa kukupimia fidia.

Ukimegewa sehemu tu ya ploti ya futi 50 kwa 100, usidai kipande kilichoenda peke yake. Dai pia kushuka kwa thamani ya kilichobaki, gharama za kuhama, na faida iliyopungua kati ya notisi na siku ya kuchukuliwa, ukiwa na vitabu vya hesabu.

Na hatimiliki yenyewe ikaguliwe hadi asili yake. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilikataa dai la kampuni ya Torino Enterprises kuhusu ardhi ya Embakasi iliyokaliwa na jeshi, ambalo Mahakama Kuu ilikuwa imeamuru lilipwe shilingi bilioni 1.53. Aliyeiuzia kampuni hiyo alikuwa na barua ya kugawiwa ardhi tu, na barua hiyo haihamishi umiliki.

Haya yote yawe tayari mapema, mbele ya Tume ya Taifa ya Ardhi na Jopo la Utwaaji Ardhi. Rufaa kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi ni kwa masuala ya sheria pekee, kwa hiyo ripoti dhaifu ya mthamini haitapata nafasi ya kurekebishwa mahakamani Milimani.